Mafuta ya Nywele ya Kihindi na Jinsi ya Kuyapika Nyumbani



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za jambo dogo la nyumbani, nalo ni mafuta ya nywele, yale ambayo wanawake wa Bara Hindi wamekuwa wakiyapika majumbani mwao tangu zamani sana. Labda bwana mmoja atasema, "Mambo ya nywele ni mambo ya wanawake, sisi yatuhusu nini?" Twamjibu kwamba fedha inunuayo chupa za mafuta hutoka katika mfuko wa nyumba nzima, na mtoto apakwaye mafuta kichwani ni mtoto wa baba na mama. Basi na asikilize kila mtu.

Sababu iliyotutia hamu ya kusema habari hizi ni hii. Sokoni na madukani huuzwa chupa nyingi zenye picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, na maandishi yasemayo kwamba mafuta yaliyomo huotesha nywele hata penye upara. Watu huzinunua kwa bei kubwa, kisha hungoja, wala wasione kitu. Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza mafuta hayo ni nini, hupikwaje, hufanya kazi gani, na kazi gani hayawezi kuifanya kamwe. Mtu akiisha kujua hayo, ni vigumu kumdanganya.

Tuanze na asili yake. Huko India iko elimu ya kale ya uganga iitwayo Ayurveda. Vitabu vyake vikuu, kama Charaka Samhita na Sushruta Samhita, viliandikwa kwa lugha ya Kisanskriti zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kitabu cha Charaka chaagiza mtu apake mafuta kichwani kila siku, nacho chasema kwamba afanyaye hivyo haumwi kichwa, wala hapati upara, wala mvi hazimjii mapema, tena hulala usingizi mwema. Hayo ni maneno ya wazee wa kale, nasi tutayapima hapo mbele. Katika lugha hiyohiyo neno "sneha" lina maana mbili: maana moja ni mafuta, na ya pili ni mapenzi. Mtu aliyewahi kumwona bibi wa Kihindi ameketi ngazini, na mjukuu wake ameketi chini mbele ya magoti yake, naye akimpaka mafuta utosini polepole kwa ncha za vidole, hataona ajabu kwamba neno moja limechukua maana zote mbili.

Kukandwa kichwa namna hiyo kwa Kihindi huitwa champi. Hata neno shampuu, ambalo siku hizi maana yake ni sabuni ya maji ya kuoshea nywele, asili yake ni huko huko, katika neno la Kihindi la kukanda na kubonyeza kwa mikono. Alikuwako mtu mmoja aliyezaliwa Patna mwaka 1759, jina lake Sake Dean Mahomed. Mtu huyo alisafiri mpaka Ulaya, na mwaka 1814 akahamia Brighton, mji wa pwani ya Uingereza, akafungua huko nyumba ya kuogea kwa mvuke na kukandwa mwili. Akapata sifa nyingi, hata akawa mkandaji wa wafalme wawili, George IV na William IV. Waingereza wakalishika neno. Lakini kadiri miaka ilivyopita mikono na mafuta vikasahauliwa, ikabaki sabuni peke yake.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Kila upande wa India hutumia mafuta ya zao lake. Watu wa Bengal na wa kaskazini hupenda mafuta ya haradali. Watamil hupenda mafuta ya ufuta. Na watu wa pwani ya Malibari, ambayo tangu mwaka 1956 ni jimbo la Kerala, hutumia mafuta ya nazi. Tena wako wachanganyao mafuta kidogo ya mbarika, kwa kuwa ni mazito na hushika nywele. Basi mwaona kwamba sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya, maana nazi, ufuta na mbarika twavijua tangu utoto.

Katika mafuta hayo hutiwa majani, maua na matunda. La kwanza kwa sifa ni amla, tunda dogo la kijani, chachu sana, lililo kama ndimu ndogo. Likianikwa huwa vipande vyeusi vikavu, na vipande hivyo hupatikana katika maduka ya Wahindi mijini. La pili ni bhringraj, jani la mmea mdogo wenye maua meupe, uotao penye maji kando ya mashamba ya mpunga. Likipondwa, maji yake hugeuka kuwa meusi. La tatu ni hibiskasi, lile ua kubwa jekundu lenye ulimi mrefu utokao katikati, lipandwalo sana katika bustani na kando ya nyumba. Huko Kerala hutumiwa ua lake na jani lake pia. La nne ni karipatta, jani litiwalo katika mchuzi wa Kihindi. La tano ni uwatu, ambao akina mama wa pwani wanaujua vizuri. Wengine huongeza majani ya mwarobaini, au punje chache za pilipili manga, au maua ya yasmini kwa ajili ya harufu.

Sisi tulifundishwa kupika mafuta haya na mama mmoja wa Kimalibari, mzaliwa wa Kerala, aliyekuwa jirani yetu. Lakini kabla ya kufundishwa tulijaribu wenyewe, nasi twaona afadhali tuwaambie jinsi tulivyoharibu, ili msipite njia ileile. Tulichuma maua mabichi ya hibiskasi asubuhi, tukayaosha, tukayatia katika mafuta ya nazi yaliyokwisha kupata moto. Mafuta yakaruka hata yakatuunguza mikono. Tukayaacha yachemke kwa muda wa dakika 10 hivi, tukayachuja yangali na mvuke, tukayatia katika chupa, tukaziba. Rangi yake ilikuwa nzuri, nasi tukajisifu. Baada ya siku 9 tulifungua chupa, tukakuta ukungu wa kijivu juu ya mafuta, na harufu mbaya kama ya kopra iliyonyeshewa mvua. Tulipompelekea mama yule chupa yetu aliinusa mara moja tu, akasema, "Wanangu, mafuta haya hayakuiva. Yalichemka tu."

Hatukumwelewa. Tukamwuliza, "Mama, kuiva na kuchemka si mamoja?" Akacheka, akatuita jikoni mwake siku ya pili.

Hivi ndivyo alivyofanya, nasi tangu siku ile twafanya vivyo hivyo. Usiku alitia vipande 6 vya amla mkavu katika kikombe kimoja cha maji, na kijiko kimoja cha uwatu katika maji kidogo mbali. Asubuhi vyote vilikuwa vimelainika. Akachuma maua 10 ya hibiskasi na konzi moja ya karipatta, akaviosha, akavikung'uta maji, akaviweka kivulini mpaka vikakauka umande. Kisha akavisaga vyote pamoja na amla na uwatu na maji yale yaliyolowekewa, mpaka vikawa kama rojo zito. Rojo hilo akalitia katika karai pana, akamimina juu yake vikombe 2 vya mafuta ya nazi, na vyote vilikuwa baridi bado. Ndipo alipoinjika karai juu ya moto mdogo wa makaa. Angalieni neno hilo: mafuta na majani huingia motoni pamoja, vyote vikiwa baridi, kwa hiyo mafuta hayaruki.

Basi akaketi na mwiko wake, akakoroga bila kuacha, maana rojo huzama chini na kushika karai. Kwa muda mrefu karai ilitoa mlio wa maji yachemkayo, na mvuke mwingi. Saa moja ikapita. Mlio ukaanza kupungua, mvuke ukawa mwembamba, na rojo likageuka kuwa chembechembe. Hapo akatuonyesha alama tatu, ambazo alizipokea kwa mama yake, nazo zimo pia katika vitabu vya Ayurveda vya zamani. Ya kwanza, alichota makapi kidogo kwa ncha ya mwiko, akayaacha yapoe, akayasokota kwa vidole viwili. Yakawa kama utambi wa taa, wala hayakunata mkononi. Ya pili, utambi ule akautupa juu ya makaa, ukawaka kimya. "Ukitatarika," alisema, "yamo maji bado." Ya tatu, juu ya mafuta palitokea povu laini. Mara ile akaepua karai, hakungoja hata kidogo.

Ninyi wanafunzi mtauliza: Kwa nini hakungoja? Sababu yake ni hii. Maji huchemka penye joto la digrii 100, na maadamu yamo maji ndani ya karai, joto la mafuta halipandi sana kupita hapo, kwa kuwa maji huchukua joto na kwenda nalo katika mvuke. Maji yakiisha, hakuna tena kizuizi: joto la mafuta hupanda upesi, na majani huungua mara moja. Kwa hiyo mpishi akiepua mapema, maji hubaki ndani ya mafuta, na penye maji ndipo ukungu na vijidudu vinapopata maisha, kama ilivyotupata sisi. Akichelewa, mafuta huwa meusi yenye harufu ya moshi. Kati ya mapema na kuchelewa wakati ni mfupi sana, na ujuzi wote wa mama yule ulikuwa katika kuutambua wakati huo kwa sikio, kwa jicho na kwa vidole, pasipo saa wala kipimo cha joto.

Vitabu vya kale vina kanuni ya vipimo: rojo sehemu 1, mafuta sehemu 4, na maji au utomvu wa majani sehemu 16. Mafuta yapikwayo kwa kanuni hiyo hukaa motoni saa nyingi, na waganga huyapika hivyo mpaka leo. Kwa matumizi ya nyumbani kipimo cha mama yule chatosha.

Mafuta yakiisha kupungua moto, yangali vuguvugu, chujeni kwa kitambaa safi kikavu, mkamue makapi. Chupa nayo iwe kavu kabisa. Tone moja la maji laweza kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Wekeni chupa mahali pa giza penye ubaridi, wala msichovye vidole vyenye maji ndani yake. Pikeni kidogo kidogo, kiasi cha kutumia kwa mwezi mmoja au miwili. Yakianza kunuka ukali, mwageni.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la jioni hii: mafuta haya hufanya nini?

Unywele uuonao nje ya ngozi hauna uhai. Sehemu iliyo hai ni shina lake, lililozama ndani ya ngozi, nalo hulishwa kwa damu. Unywele hurefuka kama sentimeta 1 hivi kwa mwezi, na kwa kawaida mtu mwenye afya hupukutika nywele 50 hata 100 kila siku; hiyo si ugonjwa. Kazi ya mafuta ni juu ya unywele ulio nje. Kila uoshwapo, unywele hunywa maji na kuvimba, na ukikauka husinyaa. Mara nyingi hivyo, mwisho hukatika. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walitangaza majaribio yao juu ya nywele zilizopakwa mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, na mafuta ya madini. Waliona kwamba mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana kupotea kwa protini katika nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada ya kuosha. Walieleza kwamba asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, ina umbo dogo lililonyoka, liwezalo kupenya ndani ya unywele, hali mafuta ya madini hukaa juu tu. Basi bibi wa Kimalibari apakaye mafuta ya nazi kabla ya kuoga alikuwa na haki tangu zamani, ingawa hakujua jina la asidi.

Na majani je? Mwaka 2008 watafiti wa India waliandika habari za bhringraj iliyopakwa panya, wakasema manyoya yaliota upesi zaidi. Lakini panya ni panya. Kwa mwanadamu, jambo tuwezalo kulisema kwa hakika ni kwamba mafuta hulinda nywele zilizopo zisikatike. Na nywele zisizokatika huonekana kuwa ndefu na nyingi. Upara wa kurithi hauponi kwa mafuta ya jikoni, wala mvi hazirudi kuwa nyeusi.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mama akiisha kujifungua, au mtu akiisha kuugua homa kali, nywele zake hupukutika sana baada ya miezi kama mitatu. Akina mama huogopa, wakanunua chupa. Lakini kupukutika kwa namna hiyo aghalabu huisha kwenyewe, na nywele huota tena katika miezi ifuatayo. Chupa ndiyo hupata sifa, na mwuzaji hupata fedha, kwa kazi iliyofanywa na mwili wenyewe.

Tena yako mambo ambayo mafuta huyazidisha. Mba wenye kuwasha huletwa na kuvu walao mafuta ya kichwani. Mtu akizidi kupaka mafuta na kuyaacha, huwalisha. Mtoto mwenye mapunye, yaani viraka vya duara vilivyonyonyoka nywele na kutoa magamba, asipakwe mafuta kwa kutumaini kupona. Mapunye ni ugonjwa wa kuambukiza, hupita kwa kitana na kwa kofia kutoka kichwa hata kichwa, na dawa yake ni vidonge atakavyoandikiwa na mganga wa hospitali. Kila wiki anayokaa na mafuta badala ya dawa, ndugu zake walalao naye wamo hatarini. Kadhalika nywele za kando ya uso zing'okazo kwa sababu ya kusukwa kwa kuvutwa mno hazihitaji mafuta. Zahitaji msusi alegeze mkono.

Na maonyo mengine machache. Mbegu za mbarika zina sumu kali. Msizisage nyumbani, wala mtoto asizichezee. Nunueni mafuta yaliyokwisha kukamuliwa kiwandani. Mafuta ya haradali huweza kuwasha ngozi ya mtoto mchanga, msimpake. Majani msiyoyajua kwa hakika msiyachume. Kabla ya kutumia mafuta mapya, pakeni tone moja ndani ya mkono, mngoje siku moja. Pakiwa pekundu au pakiwasha, acheni. Na mafuta yakishika moto karaini, msimwage maji kabisa, maana moto utaruka mpaka darini. Funikeni kwa kifuniko cha chuma, mkaondoe makaa.

Jinsi ya kutumia ni rahisi. Tieni mafuta kidogo mkononi, yafikicheni mpaka yapate uvuguvugu, mpake ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha mvute mpaka mwisho wa nywele. Mwenye nywele za kipilipili na azilowanishe kwanza kwa maji, ndipo apake, ili unyevu ukae ndani. Ngojeni nusu saa au saa moja, kisha mwoshe. Huko Kerala hawakuoshea sabuni zamani. Walitumia unga wa choroko, au majani ya hibiskasi yaliyofikichwa katika maji mpaka yatoe ute. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha.

Mama yule alirudi kwao zamani kidogo. Siku ya kuagana tulimletea chupa ya mafuta tuliyoyapika wenyewe. Aliifungua, akanusa, akatia tone moja kwenye utambi wa taa, akauwasha, akasikiliza. Utambi ukawaka kimya. Akaziba chupa, akaitia katika mzigo wake.

Basi, wasikilizaji wetu, mkiletewa chupa yenye ahadi kubwa, ulizeni kwanza: Yaahidi kulinda, au yaahidi kuotesha? Jibu likiwa ni kuotesha, rudisheni fedha mfukoni, mkanunue nazi.